Siku ya Mwisho Omani, kwa Njia ya Sur

Mvua inayonyesha Maskati kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100. Unguja, masika yakichachamaa, mvua kama hiyo huanguka ndani ya wiki moja. Anayetaka kuielewa Omani aanze na hesabu hiyo kabla hajafika kwa masultani. Historia tuliyosomeshwa skuli huanza majahazi yakiwa yameshatia nanga na watu wake wakishuka na tende, bunduki na vitabu; ni nadra mwalimu kueleza kwa nini waliondoka kwao. Jibu liko kando ya barabara ya kwenda Sur, kilomita baada ya kilomita, na ni jiwe.

Nilikuwa nimewatembelea jamaa zangu wa Maskati, na ndege yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ya saa nane usiku. Masanduku yalishafungwa tangu jana yake. Ami akaona si adabu kumweka mgeni sebuleni kutwa akingoja ndege, akatoa amri: tutoke baada ya sala ya alfajiri, tufuate pwani mpaka Sur, turudi kwa njia ya bara kupitia Ibra, na uwanja wa ndege tutaukuta kabla hatujaingia mjini. Mkewe hakuwa na neno juu ya umbali. Alichokataa ni chakula cha njiani, na hakuridhika mpaka chupa mbili za chai, chapati, kuku wa kukaanga na bakuli la sambusa vimeingia garini. Bibi, mama yake ami, alikaa kiti cha mbele bila kuuliza mtu. Sisi wengine tukajipanga nyuma pamoja na watoto, na masanduku yangu nayo yakapanda.

Omani ina ukubwa wa kilomita za mraba 309,500, yaani kama theluthi moja ya Tanzania, lakini watu wake ni milioni 5 na kidogo, na katika kila kumi zaidi ya wanne ni wageni waliokuja kutafuta kazi, wengi wao kutoka Bara Hindi. Fedha yao ni rial, yenye baisa 1,000, na rial moja inanunua zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Mgeni akibadilisha shilingi zake huishia na noti chache mkononi na huzuni. Magari hupita kulia. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Petroli ni rahisi mno, lita moja haifiki robo ya rial, ndiyo maana familia nzima inaweza kwenda kilomita mia mbili kula chakula cha mchana na kurudi.

Barabara zenyewe ni jambo jipya. Sultan Qaboos alipompindua baba yake Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita kumi hivi. Mafuta yalikuwa yakiuzwa nje tangu 1967, ila mzee hakupenda kufungua mkono wala mlango. Wengi wenye asili ya Omani waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakukaribishwa naye. Walitangatanga Cairo, Dubai, Kuwait, London. Qaboos ndiye aliyewaita, kwa kuwa walikuwa wamesoma na nchi haikuwa na walimu, makarani wala wauguzi wa kutosha. Ndiyo maana mpaka leo ofisini Maskati unaweza kuhudumiwa na mzee wa kilemba anayezungumza Kiswahili cha Malindi ya Unguja, na mezani kwa jirani yake ukasikia kile cha Bujumbura.

Maskati yenyewe sitaieleza sana. Ni mji mrefu, mweupe, uliobanwa kati ya bahari na milima, ambako majumba hayaachiwi kurefuka kama ya Dubai, na kila mgeni hupelekwa soko la Mutrah na msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Vyote viwili vinastahili. Lakini ukishaipita Al Amerat na barabara ikaanza kupanda, hapo ndipo nchi inapojionyesha. Milima ya Hajar imesimama pande zote bila mti, bila nyasi, bila hata vumbi la kutosha kuotesha kitu. Mawe ya sehemu kubwa ya milima hii, ya kahawia iliyokoza, yaliwahi kuwa sakafu ya bahari kuu. Ardhi iliposukumana mamilioni ya miaka iliyopita, kipande kizima cha sakafu hiyo kilipanda juu ya nchi kavu badala ya kuzama, kikabaki hapo. Wanajiolojia hutoka pembe zote za dunia kuja kuyagusa kwa mikono mawe ambayo kwingine lazima watoboe chini ya bahari kuyapata. Kwa mkulima hayana faida hata moja.

Tulisimama Quriyat kwa chai, ingawa chupa mbili zilikuwamo garini. Hapa hakuna anayeshuka. Unasimamisha gari mbele ya mkahawa, unapiga honi mara moja, na kijana wa Kibangladeshi anakuja dirishani. Anarudi na vikombe vya karatasi vya chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa rangi ya matofali, ina iliki, ina sukari ya kumtosha mtu kwa siku mbili. Kikombe ni baisa mia na kidogo. Kwenye kabati la kioo la mkahawa ule palikuwa na mandazi, na Bibi alitaka aletewe moja alikague. Alilivunja, akanusa, akasema limekosa tui, kisha akalila lote.

Baada ya Quriyat utaona vibao vinavyoonya juu ya maji na nguzo zenye vipimo vya kina, zimesimikwa kwenye mchanga mkavu kabisa. Mgeni hucheka. Wenyeji hawacheki. Kila bonde linaloitwa wadi ni njia ya mto unaokuja mara moja moja, na unapokuja hauji taratibu: mvua inanyesha milimani mbali, jiwe halinywi hata tone, na maji yote yanateremka kwa pamoja huku mbingu juu yako ni safi. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga pwani hii, kikaua watu kadhaa na kubomoa barabara na madaraja mpaka Maskati. Kuvuka wadi lililofurika kwa gari ni kosa la jinai siku hizi, na madereva wanashitakiwa kweli.

Mbele kidogo ni shimo la Bimmah, ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni alama ya nyota iliyoanguka. Ukweli ni kwamba mwamba wa chokaa uliliwa na maji kutoka chini mpaka dari la pango likaporomoka. Maji yake ni ya kijani-buluu, na samaki wadogo wanaokuja kudonoa vidole vya miguu waliwafanya watoto wapige kelele. Serikali imelizungushia bustani na ngazi za zege, na kuingia ni bure. Nusu saa inatosha.

Wadi Shab ndilo la kupewa muda. Barabara kuu inapita juu sana, kwenye daraja, na chini ya nguzo za daraja hilo ndipo magari yanapoegeshwa na mashua ndogo zinapongoja. Kwa rial moja unavushwa kidimbwi kwenda na kurudi. Kuvuka kwenyewe ni dakika moja. Kisha ni miguu, karibu saa nzima, kati ya kuta mbili za mwamba zinazokaribiana kadiri unavyokwenda. Na hapo, baada ya asubuhi nzima ya mawe makavu, unaona minazi haipo lakini mitende imesongamana, migomba, mindimu, na ubavuni mwa jabali mfereji mwembamba wa saruji wenye maji yanayokwenda mbio bila kutoa sauti.

Huo mfereji ni falaj, na bila falaj hakuna Omani. Maji yanachukuliwa kwenye chemchemi, mkondo wa wadi au kisima kilichochimbwa chini ya mlima, kisha yanaongozwa kwa mteremko mdogo mno, wakati mwingine kwa kilomita nyingi chini ya ardhi, bila pampu, mpaka kijijini. Kwanza hunywewa, kisha huenda msikitini kwa udhu na bafuni, mwisho mashambani. Mashambani mtu hamiliki maji, anamiliki zamu. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani, usiku kwa nyota zikichomoza juu ya kilima fulani. Siku hizi saa ya mkononi imechukua kazi hiyo sehemu nyingi. Zamu hurithiwa, hukodishwa, hunadiwa, na nyingine ni wakfu wa msikiti. Falaj zipatazo 3,000 bado zinafanya kazi, na tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Nilikaa ukingoni nikamtazama mzee mmoja akifungua njia ya shamba lake: alivuta kitambaa kilichoshindiliwa na jiwe kwenye tundu, maji yakageuka, akaangalia saa yake. Baada ya hapo hakuyatazama maji tena, aliitazama saa. Ukiona hivyo unaelewa hesabu ya ndugu saba wanaogawana zamu ya baba yao. Wawili watabaki na mitende. Watano watatafuta chombo.

Bibi hakuwa na miguu ya kwenda wadini, kwa hiyo mke wa ami alibaki naye chini ya daraja, wakatandika mkeka. Tuliporudi walikuwa wameshapata marafiki, familia ya watu wa Sur iliyowapa kahawa na tende. Kikombe cha kahawa ni kidogo, bila mkono, kinajazwa robo tu, na kitajazwa tena na tena mpaka ukitikise.

Kutoka Tiwi barabara inabana kati ya mlima na bahari mpaka Qalhat. Ukiwa garini unaona jengo moja tu la kijivu mlimani, kuba lake limeanguka: kaburi linaloitwa la Bibi Maryam. Chini yake, chini ya kifusi, kuna mji mzima uliokuwa bandari ya pili ya ufalme wa Hormuz, ukauza farasi wa Kiarabu India, na ukachomwa na Wareno mwaka 1508. UNESCO waliuorodhesha 2018. Ibn Battuta alifika hapa akitoka kwetu: mwaka 1331 alilala Mombasa, akaenda Kilwa, na kutoka huko akapanda chombo kwenda Dhofari na kuendelea na pwani hii. Chombo kilipotia nanga karibu na Sur aliuona Qalhat kwa mbali, akadhani ni mwendo mfupi, akashuka atembee. Kiongozi aliyemchukua alikuwa na nia ya kumwibia nguo, makorongo hayakuisha, maji yakawatindikia, na alipofika langoni miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimuingii. Sisi tulikwenda njia hiyo upande wa pili kwa nusu saa, watoto wakilalamika kwamba intaneti inakatika.

Kabla ya mji unapita mtambo wa kugandisha gesi, matangi na mabomba, meli ndefu zikingoja kwenye gati. Fedha za sasa za nchi zinapita hapo. Fedha za zamani zilipita kwenye hori la Sur, kilomita chache mbele.

Sur ni mji mweupe uliokumbatia hori tulivu, na ng'ambo yake, Ayjah, kuna mnara wa taa na daraja la kuning'inia. Wakati wa jahazi hapakuwa na bandari Omani iliyotujua sisi zaidi ya hii. Kaskazi ikianza kuvuma kama Desemba, vyombo vya Sur viliteremka Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji vikiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ikianza vilirudi na boriti za mikoko, karafuu na nafaka. Safari hizo hazikwisha mara moja. Ziliendelea mpaka miaka ya 1960, na Bibi anawakumbuka manahodha wa Sur bandarini Malindi ya Unguja, wamechuchumaa wakila samaki kwa mkono mmoja na kujadiliana bei kwa mwingine.

Lakini boriti hazikuwa shehena pekee. Jahazi za msimu zilibeba watu pia, walionunuliwa na walioibwa. Katika karne ya 19 wazazi wa Unguja waliwafungia watoto ndani vyombo vya kaskazi vilipokuwa bandarini. Waingereza walipoanza kupekua majahazi, wenye vyombo wa Sur walijipatia vyeti na bendera za Ufaransa ili wasiguswe, na mgogoro huo ulifika mbele ya wasuluhishi wa The Hague, waliotoa uamuzi mwaka 1905. Maelezo ya watalii kuhusu Sur huzungumzia sana ufundi wa seremala na kidogo sana habari hii. Nilimuuliza ami anavyoiona. Akasema, “Mwanangu, mimi babu yangu alikuja huko na chombo, na bibi yangu aliletwa pwani kutoka Manyema. Nitamshitaki nani?” Bibi akamwambia aangalie njia.

Ufundi wenyewe upo, na hauhitaji kupambwa. Katika uwanja wa kuundia bado panajengwa vyombo vichache, vingi vya mapambo au vya kitalii, na mafundi wengi leo ni Wahindi. Hawana mchoro. Mbao za msaji kutoka India hupangwa kwanza mpaka umbo la nje litimie, ndipo mataruma yaingizwe ndani, kinyume na Wazungu wanaoanza na mbavu. Fath al-Khair, jahazi kubwa lililoundwa hapa 1951, limeegeshwa nchi kavu karibu na hori. Lilikuwa limeuzwa nje, likarudishwa kutoka Yemen mwaka 1993. Na ni hapa Sur ndipo Tim Severin, msafiri wa Uingereza, alipoundiwa chombo chake Sohar mwaka 1980, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kama mitepe ya zamani ya Lamu, akaenda nacho mpaka China.

Tulikula ufukweni. Wakati mke wa ami anagawa kuku, binti mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto alisimama aliposikia lugha yetu. Alikuwa wa Singida, yuko kwenye nyumba ya watu mwaka wa pili. Hakulalamika, na hakukaa, maana mwajiri wake alikuwa meza ya tatu. Aliuliza jambo moja tu: mvua zimenyesha huko? Mke wa ami akamfungia sambusa kwenye karatasi. Maelfu ya wanawake wa Tanzania, Kenya na Uganda wanafanya kazi hiyo katika nchi hii, na sheria ya kazi ya Omani haiwahusu wafanyakazi wa ndani. Ubora wa maisha yao unategemea nyumba waliyoangukia. Anayemtuma binti yake huku na aijue nyumba, asimjue wakala peke yake.

Mashariki ya Sur ni Ras al-Jinz, ambako kasa hupanda pwani usiku kutaga. Kwa mwenye ndege ya kuwahi, hilo ni la safari nyingine. Tulikata kuingia bara. Bidiyah tulisimama watoto wateleze juu ya mchanga wa jangwa la Sharqiyah, ambalo linaanzia karibu na migongo ya nyumba za watu, vilima vyekundu vingine vikifika mita 100. Ni pazuri, na mchanga unaingia kila mahali, hata kwenye kuku aliyebaki.

Ibra ilitukuta baada ya laasiri. Sokoni kwake Jumatano ni siku ya wanawake, wauzaji na wanunuzi, lakini siku hiyo haikuwa Jumatano. Tulikwenda mtaa wa zamani, Al Minzfah, wa majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa fedha zilizotoka Afrika na sasa yanabomoka kimya kimya. Hapa na vijijini jirani ndiko kwenye mashina ya ukoo wa Al-Harthi, uliomtoa Abushiri, aliyepigana na Wajerumani Pangani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata. Matao ni marefu, milango imechongwa, lakini vyumba ni vyembamba kama korido, na sababu iko juu: dari limelazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko hautoi gogo refu. Kwenye nyumba iliyoanguka upande mmoja ncha za boriti zilikuwa zimechomoza nje ya ukuta, nyeusi, ngumu bado. Ami aligonga moja kwa ufunguo wa gari, ikalia kama chuma. Kilomita mia na zaidi kutoka baharini, na kila gogo lilibebwa na ngamia baada ya kushushwa jahazini. Bibi alitaka kujua ni ya Lamu au ya Rufiji. Hapakuwa na wa kumjibu.

Kutoka Ibra ni njia nne za lami mpaka Bidbid, kisha unateremka kwa Fanja hadi Rusayl, na uwanja wa ndege uko hapo hapo upande wa Seeb. Kwa mwendo wa kawaida ni chini ya saa mbili. Anayepanga mzunguko huu asiufanye Jumamosi, kwa sababu jioni yake Maskati nzima inarudi kutoka vijijini na njia ya Fanja hujaa magari. Sisi tulikwenda katikati ya wiki na bado ami alibana meno. Msafiri aage nyumbani akiwa na masanduku yake, avae viatu vya kukanyaga maji, na awe na rial moja moja za chenji.

Mizigo nayo ni suala. Kila jamaa alikuwa ameleta kitu: ubani wa Dhofari, tende, na mabakuli ya halwa, ile ya zafarani, maji ya waridi na samli, ambayo Bibi anashikilia kwamba haiishindi ya Wete. Mizigo ilipozidi kwa kilo nne kwenye mizani ya uwanjani, mke wa ami alilifungua sanduku sakafuni mbele ya foleni, bila haya, akaanza kupanga upya. Halwa ikaingia kwenye begi langu la mkononi, ubani ukabaki sandukuni, na tende zikarudi garini. Ami akasema tende nitaletewa na wa kwanza atakayekuja.